Tupeane uzoefu: kuzika Dodoma, kuanzia kibali hadi kumbukumbu ya kaburi

Mleta mada
Wakuu, poleni na majukumu. Mji unapanuka, mashamba yanapimwa viwanja, na makaburi mengi ya familia hayana karatasi wala alama. Tuweke hapa tunayoyajua ili mfiwa asihangaike.

Naanza na karatasi. Kifo kikitokea hospitali, ndugu huchukua huko tangazo la kifo na kibali cha mazishi. Kikitokea nyumbani, mjulisheni mwenyekiti wa mtaa, kisha mtendaji. Kifo kiandikishwe ndani ya siku 30. Kibali si cheti cha kifo! Cheti ni cha RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, huombwa ofisi ya wilaya, na Mahakama ya Mwanzo itakidai kwenye mirathi pamoja na muhtasari wa kikao cha ukoo. Kinachokwamisha wengi ni jina. Hospitali imeandika jina la mtaani, kitambulisho cha taifa (NIDA) kina lingine, benki lingine. Mtu mmoja aende na kitambulisho cha marehemu na asome herufi kwa herufi kabla ya kupokea karatasi.

Mdau wa Chang'ombe
Kwenye uchimbaji: pimeni jeneza kwanza, mabegani na kwenye vishikio, ndipo mchore kaburi. Urefu futi 7, upana futi 3 na kina futi 5 hadi 6 huwatosha watu wazima wengi. Kiangazi udongo wetu unakuwa mgumu kama tofali, kwa hiyo mwagieni maji jioni ya kuamkia siku ya kuchimba, na muwe na sururu na mtaimbo, jembe peke yake halifui dafu. Mkigonga mwamba kwenye futi 3, msizike juujuu. Sogeeni.

Kujengea zege mapema ni kupoteza saruji. Udongo uliorudishwa bado unashuka, mvua za Desemba hadi Aprili zikiushindilia zege linapasuka katikati. Subirini masika moja yapite, jazeni palipodidimia, ndipo mjenge.

Mdau wa Nkuhungu
Kwa Waislamu, kibla cha Dodoma ni kaskazini, kinaegemea mashariki nyuzi kama 8. Kaburi basi linalala mashariki na magharibi, kichwa mashariki, maiti analazwa ubavu wa kulia. Mwanandani, yaani shimo la ndani analolazwa maiti, huchimbwa ukuta wa upande wa kibla. Penye mchanga ukuta huo unaporomoka, hivyo chimbeni mfereji katikati ya sakafu ya kaburi na muufunike kwa mbao.

Mdau wa Iyumbu
Kuhamisha makaburi kuna sheria yake, Na. 9 ya mwaka 1969. Ardhi ikitakiwa kwa shughuli ya umma, fidia inahusu gharama za kufukua, kusafirisha, kuzika upya na kujengea, pamoja na matambiko. Wazee wengi hawajui kwamba tambiko limo, wanalilipia wenyewe, na hilo linaniuma. Wapima wakifika, onyesheni kila kaburi, hata la mtoto mchanga lisilo na tuta, na hakikisheni limeandikwa kwenye fomu ya uthamini kabla hamjasaini. Kaburi lisiloandikwa ni vigumu sana kulidai baadaye.

Mleta mada
Hapo ndipo kwenye kiini. Tazameni makaburi ya askari wa Vita ya Kwanza hapa Dodoma: yana daftari lenye jina, tarehe na mahali pa kaburi, na zaidi ya miaka 100 baadaye mtu anaonyeshwa ndugu yake. Sasa fikirieni ajali ya treni ya Igandu, hapa mkoani Dodoma, 24 Juni 2002, iliyoua watu 281. Wapo waliozikwa bila kutambuliwa. Kumbukumbu ni haki ya marehemu.

Mdau wa Chang'ombe
Msalaba wa mbao unaliwa na mchwa, na rangi inababuliwa na jua. Andikeni jina na tarehe kwa msumari kwenye zege bichi, au gongeni herufi kwenye kipande cha bati nene. Siku ya mazishi chukueni nukta ya ramani kwa simu, lakini simu hukosea mita kadhaa, na makaburi yamebanana. Kwa hiyo pimeni pia kwa futikamba kutoka vitu viwili visivyohama, kama bikoni (nguzo ya mpaka wa kiwanja) na jiwe kubwa. Vipimo viwili vinatosha kulipata, mradi muandike pia upande lilipo. Nakala moja ya vipimo hivyo ikae kwa katibu wa ukoo, nyingine pamoja na kibali cha mazishi.