Ndugu yangu amekwama kwa tagi nje ya Sharjah miezi saba bila mshahara, tuuze ng'ombe tumtoe ama angoje?

NyarDunga:
Wadau mko aje. Niko Kisumu, nauza omena hapo Jubilee. Ndugu yangu mdogo, kitinda mimba wetu, alisomea injini za meli Mombasa akamaliza akakaa nyumbani karibu miaka miwili akiendesha boda, halafu mwaka jana ajenti fulani akampatia kazi ya oila, msaidizi wa injini, kwa tagi, zile boti fupi za nguvu za kuvuta meli kubwa. Tulimlipa huyo ajenti elfu themanini, mama akauza ndume. Huku mtaani kila mtu anasema mtoto ako Dubai, lakini si Dubai ni Sharjah, na hata hiyo Sharjah hajaikanyaga, anaona tu taa zake usiku.

Miezi mitatu ya kwanza pesa iliingia bila shida. Halafu kazi ikapungua, mwenye kampuni alikuwa na tagi nne, mbili benki ikachukua, hizi mbili zikaambiwa zitie nanga zingoje. Ni mwezi wa saba sasa. Wako watu sita, kapteni ni Mhindi, kuna Mtanzania mmoja, wengine ni wa Bangladesh. Dizeli imebaki kidogo so jenereta inawashwa saa moja tu jioni, hapo ndio simu zote zinachajiwa kwa soketi mbili na ndio ananipigia. Alinitumia video akiosha mchele, wadudu wanaelea juu ya maji anawaengua na kijiko vile mtu huengua maziwa. Samaki wanavua na kamba. Nikamwambia wewe mtoto wa Dunga umeenda mpaka bahari ya wenyewe kuvua ndio ule, akacheka, lakini hakucheka sana.

Sasa wiki jana mtu wa kampuni amekuja na kaboti kadogo akiwa na karatasi. Ukisaini unapewa mshahara wa miezi miwili na tiketi, na unakubali hudai kitu kingine. Na kapteni naye anasema hata ukisaini hutoki mpaka aje mtu wa kushika nafasi yako, tagi haiwezi achwa bila watu ikiwa kwa nanga. Ajenti anasema tutume elfu sabini "apange" tiketi. Mama anataka kuuza ng'ombe wa maziwa, ndiye huyo tu amebaki. Tufanye nini jamani, na niwaombe msinitukane kwa hiyo ya ajenti, nimeshajitukana ya kutosha.

Kondele_Original:
Uzeni ng'ombe mlete mtoto. Pesa hutafutwa, mtu hatafutwi.

BahariaMstaafu:
Pole sana dada. Nimekaa baharini miaka mingi na nimewahi kukaa kwa nanga wiki kumi na moja tukilia hivyo hivyo. Ngoja nikueleze pole pole na USITUME hiyo elfu sabini kwanza.

Moja, kisheria huyo mtoto si mtu amekwama tu, anaitwa baharia aliyetelekezwa. Kuna mkataba wa kazi za mabaharia wa 2006, Kenya iliuridhia 2014. Ulirekebishwa, na tangu Januari 2017 unasema mwenye meli akikaa miezi miwili bila kulipa, ama akinyima watu chakula na maji, ama akikataa kuwarudisha kwao, hapo amewatelekeza. Hata moja tu ya hizo inatosha, nyinyi mko na karibu zote. Na mwenye meli anafaa kuwa na bima ya hiyo kitu, inalipa mishahara mpaka miezi minne, chakula, maji, mafuta, matibabu, na nauli ya kurudi nyumbani. Nauli si yenu! Si ya ng'ombe!

Shida iko hapa, meli zinazolazimishwa kubeba cheti cha hiyo bima ni za tani 500 kwenda juu, na tagi nyingi ziko chini ya hapo. So mwambie aende aangalie ukutani kwa mesi, chumba cha kulia, ama pale karatasi za meli hubandikwa, kama kuna cheti cha bima ya mabaharia apige picha, jina la kampuni ya bima lionekane. Kisha aangalie nyuma ya tagi, chini ya jina kumeandikwa wapi, hiyo ndiyo bendera, yaani nchi tagi imesajiliwa. Na ile namba ya IMO, ya kutambulisha meli, tarakimu saba. Bila hizo kila ofisi utakayoenda watakuuliza hayo hayo.

Na ajenti HARUHUSIWI kumlipisha baharia pesa ya kupata kazi. Baharia analipia paspoti yake, kitabu chake cha ubaharia na cheti cha daktari, basi. Zaidi ya hapo ajenti mwenye leseni anafaa kuwa na bima ama mfuko wa kufidia baharia kama mwenye meli amemwangusha. Nenda Kenya Maritime Authority (KMA), mamlaka ya serikali ya mambo ya bahari, wako na ofisi hapo Kisumu, uliza kama huyo mtu ana leseni yao. Beba risiti ama hizo meseji za mpesa.

NyarDunga:
Mzee Mungu akubariki. Nimempigia saa ile ya jenereta. Nyuma imeandikwa Panama. Cheti cha bima hakuna ukutani, kuna cha zamani cha kitu ingine kimefifia. Namba ya IMO ametuma. Mpesa ziko, nilitumia laini ya mama.

OmeraMwanasheria:
Nyar Kisumu, hiyo karatasi asisaini. Narudia, asisaini, hata wakimwambia ni ya kupokea chakula aisome yote kwanza na aipige picha. Mshahara wa baharia unashika meli yenyewe, ukisikia wakili wa bahari anasema "lien" ni hiyo. Maana yake tagi ikikamatwa na korti na kuuzwa, mishahara ya mabaharia hulipwa mbele ya benki iliyokopesha. Ndio hiyo kampuni inakimbia na kaboti kuwasainisha, wanajua tagi itauzwa na wanataka madai yaishe kabla. Miezi saba kwa miwili, hiyo hesabu si msaada.

Na wengi huogopa kwamba ukitoka melini umepoteza deni. Hapana, kutoka hakufuti deni, kusaini ndio kunafuta. Lakini asirudi nyumbani akanyamaza, madai yafunguliwe mapema kabla tagi haijauzwa na korti, kwa sababu ikiuzwa hivyo mnunuzi anaichukua ikiwa safi na nyinyi mtakuwa mnafuata ile pesa ya mauzo na wengine wote.

Nakuru_Finest:
Si aruke aogelee mpaka ufuoni, mtoto wa ziwa anaogopa maji?

BahariaMstaafu:
@Nakuru_Finest hiyo si mchezo. Akifika bila kibali cha kushuka ni mtu ameingia nchi ya watu kinyume cha sheria, na paspoti iko kwa kapteni. Atatoka kwa tagi aingie seli.

Mwalimu_wa_Mbale:
Niongeze kitu. Kuna yule Msyria Mohammad Aisha wa meli ya MV Aman, alikwama Misri kutoka 2017 mpaka Aprili 2021. Meli ilishikwa kwa sababu ya vyeti kuisha muda, korti ikamwandika yeye kuwa mlinzi wa meli kisheria, na kutoka hapo hakuna aliyeweza kumwachilia hata wenzake walipoondoka wote. Mwishowe alikuwa peke yake, meli haina stima, anaogelea kila baada ya siku chache kwenda kununua chakula na kuchaji simu. So hiyo stori ya kapteni kwamba lazima mtu abaki, ndugu yako asikubali jina lake kuandikwa popote kama mlinzi ama mwangalizi. Wakitaka mlinzi waajiri wa huko.

MamaTwins_Kakamega:
Mi sijui mambo ya meli lakini nilikuwa na dada yangu Gulf kwa nyumba ya mtu. Andika kila siku wanakula nini, nani mgonjwa, maji imebaki lita ngapi. Sisi tulikuwa tunasimulia tu kwa simu na tulipoulizwa tarehe hatukuwa nayo. Na mama msimwonyeshe hiyo video ya mchele tafadhali.

NyarDunga:
Ashaiona. Hakulala.

BahariaMstaafu:
Sawa, kama ni Panama basi nao waliuridhia ule mkataba 2009, kwa hivyo wana jukumu la kurudisha watu mwenye meli akishindwa. Andikeni barua moja ikiwa na majina yote sita, si yake peke yake, mtu mmoja wanamtisha ila sita hawawezi. Hiyo barua iende ITF, chama cha kimataifa cha wafanyakazi wa usafiri, wana mtu wao Mombasa na hawalipishi shilingi hata akiwa si mwanachama. ITF ndio wanaweza kuripoti tagi kwa ile orodha ya meli zilizotelekezwa ya ILO na IMO, mashirika ya UN ya kazi na ya usafiri wa baharini. Msione ni nyinyi tu, mwaka 2024 ITF walihesabu mabaharia zaidi ya 3,000 kwa meli zaidi ya 300. Nakala ingine KMA, ingine ubalozi mdogo wetu Dubai. Na Mission to Seafarers, shirika la kanisa la kusaidia mabaharia, huwapelekea watu chakula na maji bandarini, waandikie hata leo kabla ya hayo ya sheria hayajasonga.

Kondele_Original:
Nimerudi nimesoma yote. Nafuta ile ya ng'ombe.

NyarDunga:
Wadau, update. Nimeenda KMA jana, nikafunga meza mapema. Jina la ajenti nimeandikisha na risiti nimeacha. Barua ya watu sita imeandikwa, Mtanzania ndiye alikuwa na Kiingereza kizuri, kapteni alikataa siku mbili halafu akasaini wa mwisho, inaonekana hata yeye hajalipwa tangu mwezi ule. Wamepiga picha na simu moja wakanitumia, nimesambaza kote mlikosema. ITF wamejibu wakaomba kontrakti, nimetuma. Ajenti amenipigia mara nne leo, sijashika. Ng'ombe yuko, leo ametoa lita sita.

BahariaMstaafu:
Usishike. Mwambie aandike meseji, maandishi ni ushahidi. Na tagi ikitokea kwa ile orodha angalia idadi ya watu, wakiandika watano na wako sita rudi hapa haraka tuseme.