Acheni kutuchambulia jezi: orodha za kikapu cha vyuo Marekani kabla ya msimu ni porojo tupu

Wakuu, heshima kwenu. Mods, naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa NBA, maana huko utazikwa na picha za LeBron kabla hata haujasomwa.

Nimechoka jamani. Tangu orodha ya timu 25 bora ya shirika la habari la AP ya kabla ya msimu itoke katikati ya mwezi huu wa Oktoba 2025, kila ukurasa ninaofungua nakuta kitu kile kile. Timu kumi bora, nembo kubwa, halafu chini yake mistari miwili mitatu: wana historia, wana kocha mzoefu, wamejaza vipaji. Basi, kwisha. Nani kaondoka? Kimya. Nani kaja, katoka chuo gani, anacheza nafasi ipi? Kimya. Na mtu bila aibu anaweka kichwa cha habari "uchambuzi wa kina"! Ukiuliza swali kwenye komenti unaambiwa wewe ni hater wa Kansas.

Sina ugomvi na Kansas. Ugomvi wangu ni na watu wanaopanga timu kwa kutazama jezi.

Kuna jambo moja ambalo wachambuzi hawapendi kuligusa. Timu ya mwisho kuanza msimu ikiwa namba moja ya AP na kumaliza ikiwa bingwa ni North Carolina ya 2008-09. Ule ni mwaka ambao Mtanzania wetu Hasheem Thabeet alikuwa UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut). UConn walianza namba mbili, wakafika nusu fainali pale Detroit, wakatolewa na Michigan State, na miezi miwili mitatu baadaye Thabeet akachaguliwa wa pili kwenye drafti ya NBA. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo sasa ni wa sekondari. Katika muda wote huo hakuna namba moja wa Oktoba aliyebeba kombe mwezi Aprili. Na bado kila mwaka mnatuletea orodha kama msahafu.

Naijua hoja ya kujitetea, naisikia kila mwaka: "Mkuu, zile ni kura tu za waandishi sitini na kitu, usizichukulie serious." Sawa. Ni kweli pia kwamba kamati inayochagua timu 68 za mtoano wa Machi haiangalii orodha ya AP, ina kipimo chake kinachoitwa NET. Sasa kama ni kura tu, kwa nini uchambuzi wako wote umejengwa juu yake? Kwa nini hukukaa chini ukaangalia vikosi?

Chukueni msimu wa 2022-23, maana huo ndio ushahidi wote. North Carolina walipewa namba moja. Sababu? Aprili 2022 walicheza fainali na Kansas, wakaongoza kwa pointi 15 wakati wa mapumziko, wakaja kufungwa 72-69. Wanne kati ya watano wa kikosi cha kwanza walirudi: Armando Bacot, Caleb Love, R.J. Davis na Leaky Black. Wachambuzi wakapiga hesabu za vidole, wanne kati ya watano, kazi imeisha, wapeni namba moja.

Hakuna aliyekumbuka kwamba timu hiyo hiyo iliingia mtoano wa 2022 ikiwa imepangwa namba nane kwenye kanda yake. Yaani miezi yote ya msimu ilikuwa timu ya kawaida, ikaja kuwaka moto wiki tatu za mwisho. Na hakuna aliyejisumbua kuuliza huyo wa tano aliyeondoka alikuwa nani. Alikuwa Brady Manek, lile jitu refu lenye ndevu ambalo lilikuwa linasimama nje ya mstari wa pointi tatu na kutupa kama mchezaji mfupi. Mchezaji mrefu wa wapinzani alikuwa hana jinsi, lazima atoke chini ya kikapu amfuate Manek huko nje. Akitoka, Bacot anabaki mmoja kwa mmoja na mtu wake, Love na Davis wanapata njia ya kupenya. Manek akiondoka, yule mrefu anarudi kukaa chini ya kikapu, njia inaziba, na Love anaanza kutupa mitupo ya kukata tamaa. Mtu mmoja tu ameondoka, mfumo mzima umekufa. Hilo lilionekana mapema kwa yeyote aliyeangalia kikosi. Walioangalia jezi hawakuliona.

Matokeo yake nayakumbuka vizuri, kwa sababu Novemba ile tulikuwa tunakesha. Portland, mashindano ya Phil Knight. North Carolina wanafungwa na Iowa State. Siku mbili baadaye wanafungwa na Alabama 103-101 baada ya muda wa nyongeza mara nne. Nne! Na kwenye mashindano hayo hayo walikuwepo UConn, ambao wapiga kura hawakuwaweka hata ndani ya 25 bora. UConn wakawachapa Alabama hao hao, wakawachapa Iowa State hao hao, tena bila presha yoyote, wakaondoka na kombe. Ilipofika Machi, North Carolina hawakuitwa kabisa kwenye mtoano. Tangu mashindano yafikishwe timu 64 mwaka 1985, hakuna timu iliyoanza namba moja ikakosa nafasi, mpaka wao. UConn wakabeba ubingwa, na Adama Sanogo wa Mali akawa mchezaji bora wa hatua ya mwisho.

Walijifunza? Thubutu.

Msimu uliofuata namba moja akapewa Kansas. Akaenda kupigwa 89-68 na Gonzaga kwenye raundi ya pili. Mwaka uliofuata namba moja akapewa nani? Kansas tena! Safari hii hoja ilikuwa kwamba wamesajili vizuri kwenye dirisha la uhamisho. Kweli walisajili majina. AJ Storr alitoka Wisconsin akiwa na wastani wa karibu pointi 17 kwa mechi, akafika Kansas akashuka chini ya nusu ya hapo. Kwa nini? Kwa sababu Wisconsin mpira ulikuwa wake, na Kansas mpira ulikuwa unaingia kwanza ndani kwa Hunter Dickinson. Mchezaji anayehitaji mpira mkononi umempeleka mahali ambapo mpira una mwenyewe. Kansas wakapoteza mechi 13 na kutolewa raundi ya kwanza na Arkansas.

Mwaka huo huo bingwa alikuwa Florida. Oktoba 2024 walikuwa namba 21. Ishirini na moja! Kikosi chao nacho kilitoka dirishani, lakini hakikuwa na majina ya kutisha: Walter Clayton Jr. alitokea Iona, Will Richard alitokea Belmont, Alijah Martin alitokea Florida Atlantic, Mnigeria Rueben Chinyelu alitokea Washington State. Vyuo hivyo mchambuzi wa jezi havijui hata rangi zake. Fainali ile na Houston ilianza kwetu saa kumi kasoro za usiku. Clayton kipindi cha kwanza hakupata hata pointi moja. Kisha dakika ya mwisho kabisa, Florida wanaongoza 65-63, Emanuel Sharp wa Houston anaruka kutupa, Clayton anamrukia mbele, Sharp anauachia mpira chini na hawezi tena kuugusa maana itakuwa kosa. Mpira unadunda pale chini huku saa inakimbia. Wenye bando tulikuwa tunapiga kelele peke yetu, nyumba nzima imelala.

Siku hizi kupanga timu kwa jina la chuo ni kichekesho zaidi kuliko zamani. Tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama bila kukaa nje mwaka mzima, na tangu 2024 anaweza kuhama kila mwaka akitaka. Baada ya msimu uliopita waliingia dirishani zaidi ya wachezaji 2,000. Na kuanzia msimu huu wa 2025-26 vyuo vinalipa wachezaji moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo kwa michezo yake yote, baada ya kesi ya House, ile ya wachezaji kudai malipo, kumalizwa kwa makubaliano Juni 2025. Kumpa Kentucky au Duke nafasi kwa sababu ya historia ni sawa na kumpa Simba ubingwa wa msimu ujao kwa kuangalia kikosi alichokuwa nacho enzi za babu yako.

Haya, tuje msimu huu wa 2025-26. Nitakuwa muungwana, Purdue kuwa namba moja sina neno. Ni mara yao ya kwanza kuanza juu kabisa, na angalau kuna sababu ya kueleweka: Braden Smith, Fletcher Loyer na Trey Kaufman-Renn wote wamebaki. Watatu waliocheza pamoja miaka yote hiyo, wakafungwa na vibonde wa chuo kidogo cha FDU mwaka 2023 na kucheza fainali 2024. Siku hizi kupata kitu hicho ni bahati. Lakini hata huu uchambuzi rahisi kabisa, wengi wenu hamkuuandika! Mmeandika "Purdue wana kocha mzoefu". Matt Painter amekuwa kocha mkuu pale tangu 2005, alikuwa mzoefu hata miaka aliyofungwa na vibonde.

Houston namba mbili wameondokewa na L.J. Cryer na J'Wan Roberts, wakabaki na Milos Uzan, Sharp na Joseph Tugler, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu wanategemea sana watoto wa mwaka wa kwanza. Je, watoto hao wataweza ile kabali, yaani ulinzi wa kubana, ya kocha Kelvin Sampson? Hilo ndilo swali. Nimelitafuta kwenye chambuzi zenu sijaliona.

St. John's namba tano. Kocha Rick Pitino kakusanya watu kutoka kila kona, Ian Jackson katoka North Carolina, Bryce Hopkins katoka Providence, Dillon Mitchell katoka Cincinnati. Zuby Ejiofor kabaki ndani. Safi. Sasa niambieni nani anapandisha mpira. Pointi gadi wa kuaminika yuko wapi? Kikosi kizuri cha mabawa (wachezaji wa pembeni) na hakuna dereva, halafu namba tano.

Duke namba sita. Watano wote wa kikosi cha kwanza cha msimu uliopita wamekwenda drafti, kuanzia Cooper Flagg. Wote watano. Anakuja Cameron Boozer, mtoto wa Carlos Boozer, kijana hatari sana, sibishi. Ila mkiandika "Duke wanarudi wakiwa na njaa baada ya kutolewa nusu fainali na Houston", wanarudi akina nani? Walioumia siku ile wako NBA!

(Kina dada nao wanastahili uzi wao. UConn walibeba kwa kuwafunga South Carolina 82-59 Aprili 2025, lakini humu ndani ni kama halijatokea.)

Kinachoniuma zaidi ni namna mnavyoandika Waafrika. Hapo uchambuzi unaishia kwenye urefu wa mikono. Khaman Maluach, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda, alipoingia Duke mwaka 2024 nilisoma sentimita zake mpaka nikazikariri, lakini hakuna aliyenieleza anavyolinda akivutwa mbali na kikapu. Thabeet naye hivyo hivyo, mwaka ule wa 2009 aliwatia Providence pointi 15, ribaundi 11 na kuzuia mitupo 10 katika mechi moja, na bado waliandika urefu. Oscar Tshiebwe, kijana wa Lubumbashi, mji ambao Kiswahili kinatembea mtaani, alikuwa mchezaji bora wa vyuo vyote Marekani 2022. Machi ile Kentucky walipotolewa na Saint Peter's, yeye alikuwa amefunga pointi 30 na kuchukua ribaundi 16. Majira ya joto yaliyofuata timu ilipokwenda ziara Bahamas, akamalizia huko huko kazi zake za matangazo ya kulipwa, kwa sababu viza yake ya mwanafunzi ilimbana Marekani. Haya ni mambo ambayo sisi ndio tulipaswa kuyaandika. Aprili 2025 Marekani ilitangaza kufuta viza za wenye pasipoti ya Sudan Kusini siku ile ile Maluach anacheza nusu fainali. Mchambuzi gani wa Kiswahili ameuliza usajili wa wachezaji wa kwetu utaathirika vipi msimu huu? Mnatafsiri orodha tu, tena vibaya.

Na msiniambie hakuna anayeumia. Jamaa hapa mtaani aliweka Kansas awe bingwa, kasoma kwenye page moja kwamba "hawa ni uhakika". Mkeka ulichanika raundi ya kwanza. Mwenye page alishafuta posti.

Ninachotaka ni kidogo. Kila timu utakayoiweka kwenye orodha yako, andika nani kabaki, nani kaondoka, nani anapandisha mpira, nani anatupa kutoka nje. Mistari minne tu. Ukishindwa, bandika nembo utulie.

Msimu unaanza Jumatatu ya tarehe 3 Novemba 2025, na Florida wanakutana na Arizona kule Las Vegas usiku wetu wa kuamkia Jumanne. Clayton, Martin na Richard wote wameondoka, warefu wamebaki, na nafasi ya kuongoza mpira wamepewa Xaivian Lee kutoka Princeton na Boogie Fland kutoka Arkansas. Wawili hao hawajawahi kucheza pamoja mechi hata moja ya ligi. Mliowaweka namba tatu, njooni hapa kabla ya mechi mniambie nani kati yao atashika mpira dakika mbili za mwisho matokeo yakiwa sare. Nasubiri majibu, na atakayeniletea "wana historia" namblock.