Tupeane uzoefu: kuishi na kisukari kwenye nyumba ya wali na chapati

Bint Chumbageni: Wadau, leo mchana shemeji kaniambia, "Kula tu, kidonge si unacho?" Yamenirudia mengi. Natumia metfomini, ila kilichonishushia sukari hasa ni sahani: nusu mboga, robo samaki au maharage, robo ndiyo wali. Chai ya rangi, bila sukari. Shida yangu ni watu. Tunakula sinia moja, nikitoa mkono mapema naambiwa nina maringo. Wenzangu mnafanyaje?

Dereva wa Masafa: Hapo kwenye sinia umenigusa.

Mgosi: Omba upakuliwe pembeni, watazoea. Mimi nikishakula usiku natembea nusu saa. Misuli ikifanya kazi inachukua sukari kwenye damu, nimeiona kwenye mashine. Na acheni sembe, kuleni dona.

Babu Kariakoo: Dona nalo ni ugali. Ukila mlima, sukari inapanda vilevile.

Mgosi: Nani kasema mlima?

Mizizi na Majani: Mlonge na mdalasini kila asubuhi. Vidonge vya hospitali vinaua figo.

Nesi wa Zamu: Ndugu, figo zinauawa na sukari iliyokaa juu miaka. Mlonge ni mboga nzuri, ule. Lakini usimwachishe mtu dawa. Kuna wagonjwa wakiacha insulini siku chache tu wanapoteza maisha.

Mwana Pangani: Nimesoma nikamkumbuka baba. Ramadhani, anachoma insulini na anafunga, hasikii la mtu. Daku alikunywa chai na tende, akachoma kipimo kilekile cha siku zote. Alasiri akaanza kutoka jasho, shati limelowa, anaongea maneno hayaeleweki, anamwita mama kwa jina la dada yake. Watu wakajaa. Mmoja kasema majini, wakaanza kumsomea. Baba akazima, mwili baridi. Kijana kaja na soda anataka kumiminia mdomoni, jirani yetu aliyekuwa muuguzi akampiga mkono: "Atapaliwa! Mlazeni ubavu!" Kapima, mashine inasoma 1.8, sukari imeshuka mno. Tukampakia kwenye bajaji, mimi nimeshika kichwa, naita "Baba, baba," hajibu. Hospitali wakamwekea glukosi kwenye mshipa. Haikuchukua muda akafumbua macho, akauliza kama adhana imeshalia. Nililia mbele za watu.

Dereva wa Masafa: Dah. Pole sana, ndugu yangu.

Mama Wawili: Huyo jirani Mungu amlipe kheri. Mzee yukoje sasa?

Mwana Pangani: Yupo, alhamdulillahi. Hafungi tena, anatoa fidia ya kulisha maskini, anakula na wajukuu mchana.

Babu Kariakoo: Mgonjwa ameruhusiwa kutofunga, imo kwenye Kurani, al-Baqara aya ya 184 na 185. Kwa nini wazee wetu wanaona aibu?

Mgosi: Si aibu, mzee. Ni imani yake, tusimhukumu.

Babu Kariakoo: Simhukumu. Nataka aishi.

Nesi wa Zamu: Anayetaka kufunga amwone daktari kabla ya mwezi kuandama, dozi na saa za dawa hubadilishwa. Kutoboa kidole kupima hakufunguzi, ndivyo wasemavyo masheikh wengi. Ikisoma chini ya 4, fungua hapo hapo. Kama anameza vizuri, mpe vijiko vya chai vitatu vya sukari kwenye maji, pima tena baada ya dakika 15. Aliyezimia asitiwe kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Mama Wawili: Mimi pipi hazitoki kwenye pochi. Mume wangu anaona namficha utamu.

Mizizi na Majani: Mbona mlonge mmeuruka?

Nesi wa Zamu: Pika na nazi kidogo, nialike.

Bint Chumbageni: Mwana Pangani, nimemsomea shemeji kisa chako. Kanyamaza, kisha kaenda kuleta sahani ya pembeni.

Dereva wa Masafa: Na sisi wa barabarani je? Kila kituo ni chipsi na soda.

Mama Wawili: Mayai ya kuchemsha na tango, beba toka nyumbani. Soda badilisha na maji.

Mgosi: Mhogo wa kuchoma upo kila stendi.

Babu Kariakoo: Mhogo nao ni wanga, Mgosi!