Ukoo wa Bibi Hadija 🌿

Alhamisi

07:12 Shangazi Zaituni: Asalam aleikum. Akika ya mtoto wa Swaleh ni Jumapili, tunachinja na kumnyoa. Msichana ni mbuzi mmoja, si wawili, sioni cha kunyamazia. Kila nyumba 500. Aliyetuma ni mmoja.

09:40 Shangazi Zaituni: Tiki za bluu nazihesabu. Na jina je?

10:55 Swaleh: Aleikum salam shangazi. Tumeamua Hadija.

11:20 Mama Leila: Mashallah. Ila mjue maana. Kwa Kiarabu, khadaja husemwa ngamia akizaa kabla ya siku zake. Yaani njiti. Na mtoto kweli ni wa miezi saba, mnataka aitwe hivyo maisha yote? Si bora Aisha, mwenye uhai?

11:22 Juma: Basi tuache mbuzi wa Kiamaiko tuchinje ngamia 😂

11:23 Hassan: 😂😂 Eastleigh wapo

11:25 Shangazi Zaituni: Juma hujatuma.

11:31 Shangazi Zaituni: Mama Leila, 2009 Bibi alikuomba jina hilohilo. Akakaa na leso mpya magotini, hata hajaikata. Ukamwita mtoto Leila. Leila si usiku? Mbona giza hukuliogopa?

11:34 Mama Leila: Hayo yaliisha.

11:34 Shangazi Zaituni: Kwako.

11:50 Juma: Leso ya rangi gani

14:06 Babu Athumani: Dada yangu alizaliwa hapa Majengo kabla ya siku zake. Mama alinisimulia, mkunga alimlaza kwenye ungo wenye pamba, kando ya jiko la makaa. Baba akampa Hadija kwa maana hiyohiyo. Akaishi miaka 81. Na Bi Khadija binti Khuwaylid misafara yake ilikwenda Sham, na Mtume (SAW) hakuoa mwingine hadi Bi Khadija alipofariki. Njiti huyo.

16:48 Mama Leila: Nimekusikia Babu. Niwie radhi.

17:02 Swaleh: Ahsante Babu. Leo ana kilo moja na nusu. Kofia ya shangazi inamfunika hadi puani.

17:10 Hassan: Cheti kiandikwe Hadija ama Khadija?

17:15 Swaleh: Mimi Hadija. Mama mkwe Khadija.

17:16 Shangazi Zaituni: Hilo tutaongea. Kiamaiko anaenda nani?

21:30 Mama Leila: Nimetuma 1,000. 500 ni ya Leila.

21:47 Juma: Shangazi, mtoto bado yuko nasari ya hospitali. Jumapili tunamnyoa nani?