Wanachuo wa mtandaoni wananyamaza ifikapo wiki ya nne: idara ianzie wapi?

Mratibu, Tabora
Ndugu zangu, habari za kazi. Naratibu masomo ya mtandaoni katika chuo kimoja hapa Tabora. Wanachuo wetu wengi ni walimu walio kazini Urambo, Kaliua na Sikonge, ambao hufungua Moodle, mfumo wetu wa masomo ya mtandaoni, kwa simu baada ya vipindi. Muhula huanza kwa uchangamfu, lakini wiki ya nne mijadala hukauka. Uongozi unapendekeza tununue vifaa vya kurekodia video. Mimi nina mashaka, kwa kuwa nilipopitia kozi moja moja nilikuta mhadhiri ameweka slaidi zake za darasani, kisha hakurudi tena. Nianzie wapi?

Mhadhiri, Kigoma
Ndugu Mratibu, mashaka yako yana msingi. Mwaka 2000 watafiti Garrison, Anderson na Archer walieleza kwamba ujifunzaji wa mtandaoni unahitaji uwepo wa aina tatu, yaani wa kijamii, wa kiutambuzi (wa kufikiri na kuelewa) na wa ufundishaji. Kwako unaopungua ni huo wa tatu, na kamera haiuleti, kwa sababu maana yake ni kuipanga kozi, kuuongoza mjadala na kumrekebisha mwanachuo angali anakumbuka alichoandika. Sisi tuliacha maswali ya aina ya "jadili maana ya tathmini". Tunamwomba mwalimu aeleze namna alivyofundisha hesabu za sehemu, kama nusu na robo, katika darasa lake wiki ile, lenye watoto 90 na vitabu vichache, na mhadhiri hujibu ndani ya siku saba. Hata hivyo, hayo yalishindikana muhula mzima mpaka mkuu wa idara alipokubali kuzihesabu saa za kujibu katika mzigo wa kufundisha. Kabla ya hapo tulikuwa tunamtaka mtu afanye kazi ambayo chuo chenyewe hakikuitambua kuwa ni kazi, na hilo naliona ni dhuluma.

Mwanachuo, Kaliua
Shikamooni walimu wangu. Naomba niseme kwa upande wetu. Video ya saa nzima humaliza bando la wiki, ilhali maandishi na sauti fupi navipakua kwenye programu ya Moodle nikiwa mjini, kisha navisoma nyumbani bila mtandao. Muhula uliopita nilikaribia kuacha. Mhadhiri mmoja aliniandikia, "Hoja yako ya pili ifafanue zaidi," nikajua kwamba kuna mtu anasoma, nikaendelea.

Msimamizi wa mfumo, Tabora
Marahaba, mwanangu. Naongeza jambo moja. Moodle huonyesha ni lini kila mwanachuo aliingia mara ya mwisho, kwa hiyo asiyeonekana kwa siku kumi apigiwe simu, tena kwa kumjulia hali, wala si kwa kumtisha. Pia msiache kukutana ana kwa ana. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina vituo vya mikoa hadi leo.

Mratibu, Tabora
Nawashukuru sana. Nitapeleka pendekezo la saa kabla ya ombi la kamera. Ndugu wa Kigoma, mlihesabu saa ngapi?

Mhadhiri, Kigoma
Saa tatu kwa wiki kwa kila kozi, na wanachuo wakizidi 50 tunaongeza mhadhiri msaidizi. Saa mbili hazikutosha.