Chakula kinaishia kwenye sampu: nizime pampu zote wakati wa kulisha?

MkaaMbezi

Wakuu, habari za jioni. Nina tangi la maji ya chumvi hapa Dar, urefu sentimita 120, upana 50, kina 50, sampu (tangi dogo la kuchujia maji) iko kabatini chini. Ndani wapo samaki wa anemoni wawili, anthiasi watano (wale samaki wadogo wa makundi), samaki aina ya kangaja mmoja na matumbawe machache. Pampu za mkondo ni mbili, moja kila upande, na ya tatu ndiyo inayopandisha maji kutoka kwenye sampu.

Shida yangu ni muda wa kula. Nikimwaga uduvi wa barafu pampu zikiwa zinafanya kazi, nusu yake inawapita samaki kama mwendokasi linaloruka kituo, inaingia kwenye njia ya kushukia maji na kuishia kwenye soksi ya kuchujia. Nikizima ekstensheni nzima, tangi linatulia, lakini maji kwenye sampu yanapanda mpaka vidole viwili tu kufika ukingoni, skima (kifaa kinachotoa uchafu kwa povu) inafurika, na chakula kinazama mchangani. Anthiasi wanakitazama tu kikishuka.

Nizime zipi, kwa muda gani? Na oksijeni je? Mchana anayelisha ni mke wangu, kwa hiyo msinipe utaratibu wa swichi sita, hataukubali.

JichoLaPweza

Zima zote, dakika kumi, washa. Miaka yote nafanya hivyo na hajafa mtu. Mnapenda kukuza mambo.

FundiSampu_Msa

Salaam ndugu yangu wa Mbezi. JichoLaPweza hajasema uongo, ila hatujui yeye anafuga samaki gani. Wako ni anthiasi, na hapo ndipo hesabu inapobadilika.

Kabla sijaanza kuhudumia matangi ya watu huku Nyali, Mombasa, nilikuwa mzamiaji wa samaki wa mapambo Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya. Tulikuwa tukiwashika kwa wavu mdogo, wanaletwa Mombasa kwa wanaosafirisha nje. Wakati wa bamvu maji yanavuta kwelikweli kwenye ukingo wa mwamba, wewe umeshikilia jiwe usichukuliwe, na hapo ndipo anthiasi wanapotoka kundi zima. Wote wameelekeza vichwa kule maji yanakotoka, kila mmoja anadonoa kinacholetwa. Maji yakilala, wanashuka na kujibana mwambani. Sasa wewe umezima kila kitu halafu unataka wale! Wao wanajua zamu ya kula imekwisha.

Kwa hiyo usiue mkondo. Ua safari ya kwenda kwenye sampu. Pampu ya kupandisha maji ndiyo ya kuzima, maana ikisimama hakuna maji yanayomwagikia chini, na chakula hakina pa kutorokea. Zile mbili za mkondo, kama zina kidhibiti, zishushe hadi robo ya nguvu. Kama ni za kuwasha na kuzima tu, zima ile inayosukuma kuelekea njia ya kushukia, uache ya upande wa pili. Uduvi uzunguke polepole katikati ya maji, usitulie mchangani na usikimbie.

Oksijeni isikuumize kichwa kwa dakika kumi au kumi na tano, mradi uso wa maji unatikisika kidogo. Ila kumbuka maji ya chumvi yenye nyuzi 27 hubeba oksijeni pungufu kuliko ya baridi, na samaki aliyekula anavuta zaidi. Kuzima na kusahau mpaka asubuhi ndiko kunakoua, na hilo nimelikuta kwa wateja. Ndiyo maana sipendi utaratibu unaotegemea kumbukumbu ya mtu. Pampu nyingi za siku hizi zina kitufe cha kulishia: unabonyeza, inasimama dakika kumi, inawaka yenyewe. Kama yako haina, nunua taima ya kuchomeka ukutani, ile ya kuzungusha yenye meno ya dakika 15. Iweke izime saa moja kamili jioni na iwashe saa moja na robo, na jino jingine saa ya mchana, maana anthiasi wanataka kidogo kidogo mara mbili au tatu kwa siku, si shibe moja. Mke wako hatagusa swichi hata moja. Tahadhari: stima ikipotea, taima hiyo inabaki nyuma, uirekebishe.

Skima nayo izimike pampu ya kupandisha inapozimika. Wakati wa kuwaka, skima ichelewe dakika chache, maji ya sampu yarudi kwenye kimo chake kwanza, la sivyo itatapika tena. Na usishtuke povu likikosekana kwa muda baada ya chakula chenye mafuta. Litarudi.

Sasa sampu yako ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko samaki. Vidole viwili ni vichache mno. Mdomo wa bomba linalorudisha maji uko kina gani ndani ya tangi?

MkaaMbezi

Asante sana fundi, hiyo ya Shimoni imenifungua macho. Nimepima, midomo yote miwili iko sentimita 8 chini ya maji. Kuna valvu ya kuzuia maji yasirudi, niliambiwa dukani inatosha.

FundiSampu_Msa

Haitoshi. Tangi lako kila sentimita moja ni lita 6: 120 mara 50 mara 1. Pampu ikisimama, bomba linageuka kuwa mnyonyo, linavuta maji kurudi chini mpaka mdomo uguse hewa. Sentimita 8 ni kama lita 48. Hiyo valvu ikishikwa na chokaa au konokono mdogo akajibana pale, haifungi, na lita zote hizo zinakuja kabatini. Kwa kulisha utakuwepo kuona. Umeme ukikatika saa tisa usiku hutakuwepo.

Inua midomo ifike kama sentimita 2 chini ya uso wa maji. Halafu toboa tundu la milimita 5 au 6 kwenye bomba, chini kidogo ya uso wa maji. Maji yakishuka hapo, tundu linavuta hewa na mnyonyo unakatika. Tundu hilo lisafishe kwa kijiti kila unapobadilisha maji, maana mwani unapenda kuliziba. Kisha zima pampu, ngoja maji yatulie, ubandike utepe kwenye kioo cha sampu pale yalipofika. Huo ndio mpaka wako wa juu. Ukijaza sampu, usisahau kwamba lazima ibaki na nafasi hiyo.

Na uduvi usiumwage na maji yake ya barafu. Uyeyushe kwenye kikombe cha maji ya tangi, uchuje kwa chujio la chai, uvute kwa bomba kubwa la sindano lililovishwa kipande cha mpira, uutoe nyuma ya mwamba. Ukiona unafika mchangani, umetoa mwingi. Chakula cha punje kiloweke kwanza, ama sivyo kitaelea kikutafutie njia ya kushukia. Kangaja mpe karatasi ya mwani mkavu kwenye kibanio, usiotiwa chumvi wala mafuta. Huyo hata mkondo wote ukiwa unaenda atang'ang'ana nayo.

Bi_Matumbawe

Fundi, hapo kwenye "usiue mkondo" mimi nakuachia nusu tu. Samaki sawa. Lakini ndugu kasema ana matumbawe, na kuna matumbawe yanayohitaji utulivu kamili ili yashike chakula. Ya rangi ya machungwa, yale yanayoitwa matumbawe ya jua, hayategemei mwanga. Yasipolishwa yanakonda mpaka yanakufa. Mimi nalisha samaki kwanza kwa mkondo mdogo kama ulivyosema, wakishashiba nazima zote dakika kumi na tano, naweka uduvi mdomoni mwa tumbawe mmoja mmoja. Naliziba kwa chupa ya soda iliyokatwa kitako, maana kamba msafishaji nilionaye ni mwizi, anachomoa chakula hata kikiwa kimeshamezwa nusu.

FundiSampu_Msa

Dada, hapo nimekubali, tena nimekubali bila kinyongo. Wateja wangu wengi ni wa samaki tu. Mbezi, fuata ratiba ya dada siku za matumbawe, mara mbili kwa wiki yatosha kuanzia.

MkaaMbezi

Nimeinua midomo leo na kutoboa tundu. Maji ya sampu sasa yanasimama kiganja kizima chini ya ukingo. Anthiasi wanne wamekula katikati ya maji, wa tano bado amejificha. Taima nanunua kesho Kariakoo.

JichoLaPweza

Sawa, mmenishinda. Bi_Matumbawe, hiyo chupa ni ya ukubwa gani?

Bi_Matumbawe

Nusu lita. Kata kitako, toa kifuniko, bomba la sindano linapita juu. Ukingo uliokatwa upitishe msasa usichane nyama ya tumbawe.