Tupeane uzoefu: rafiki uliyempata kwa njia ambayo hata kuieleza ni aibu

DadaWaKeko (mleta uzi)

Wakuu, wiki hii nimerudia Dead to Me, ile tamthilia ya Netflix ya misimu mitatu, na siku nne mfululizo nimelala saa tisa usiku kama mtu asiye na kazi. Ambaye hajaiona natahadharisha: hapa namwaga kila kitu. Ruka uje kwenye swali.

Jen ni dalali wa nyumba kule Laguna Beach, California. Mumewe Ted kagongwa na gari usiku, dereva kakimbia. Hadithi inaanza jirani akiwa mlangoni na bakuli la chakula cha pole, anamwambia Jen kwamba yeye na mumewe hawawezi hata kufikiria anayopitia. Jen anamjibu bila kupepesa: fikiria mumeo naye kagongwa na gari kafa ghafla, basi ndivyo hivyo. Mlango ukafungwa, na mimi nikajua hapa nimefika. Kwenye msiba wa baba nilitamani sana kumjibu hivyo mjomba mmoja aliyekuwa ananiambia "jikaze mama" huku shavu limejaa pilau.

Jen anaingia kikundi cha wafiwa, anakutana na Judy: mpole, machozi karibu, anasema mchumba wake kafa kwa shambulio la moyo. Kwa vile wote hawapati usingizi, wanapigiana simu usiku, mmoja Jen mwenye hasira anayesikiliza muziki wa magita ya makelele kwenye gari ili atulie, mwingine Judy anayeomba radhi hata akikanyagwa yeye. Kumbe mchumba yuko hai, waliachana tu. Na kumbe Judy ndiye aliyekuwa kwenye usukani usiku ule Ted alipogongwa.

Hapo bado. Msimu wa pili kuna maiti kwenye friza ya gereji, na maisha yanaendelea, watoto wanakwenda shule. Liz Feldman aliyeibuni ana roho mbaya yule dada. Mimi nilicheka peke yangu sebuleni mpaka mpangaji mwenzangu akagonga ukuta.

Sasa swali si kama mngemsamehe Judy, hilo limeshajadiliwa sana. Ninauliza wanawake humu, na wanaume mkiwa nayo leteni: nani ana rafiki wa kufa na kuzikana aliyempata kwa uongo, ugomvi, au jambo la kutisha kabisa?

Naanza mimi. Miaka minane iliyopita nilituma shilingi 85,000 kwa simu, tarakimu moja ikanikwepa, zikaenda kwa mtu nisiyemjua. Nikapiga. Dada akapokea, akalia: "Dada nisamehe, mwanangu amelazwa, nimeshanunua dawa." Nikaona haya. Jumamosi nikanunua machungwa na maziwa, nikamwomba anielekeze. Akanizungusha wiki nzima. Nilipofika kwake Mbagala, mtoto hayupo. Si hospitali, si nyumbani, si tumboni. Pesa yangu alikuwa ameivaa kichwani: wigi refu jeusi, la kwendea harusi ya mwanaume aliyekuwa mchumba wake.

Nilimtukana nikachoka. Nilipokaa kupumua akanimenyea chungwa moja kati ya yale niliyoleta mimi mwenyewe. Akasema, "Ni kesho. Sina wa kwenda naye." Wakuu, nilikwenda. Nilimshika mkono ukumbini masaa sita mazima asije akachukua kipaza sauti. Wigi bado lipo, huwa tunaazimana.

Probox la Nakuru

Yangu inafanana na ya Judy kupita kiasi, naomba msinihukumu.

Nilikuwa natoka kazini zamu ya usiku, saa kumi na moja alfajiri, macho mazito. Kwenye kona ya kuingia plotini nikasikia "pu!" Nashuka na tochi ya simu: bata mzinga wa jirani. Dume. Huyo bata alijulikana mtaa mzima, alikuwa anakimbiza mpaka watu wa stima. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu, mjane, anaishi pekee yake, na wakati huo hata salamu hatukuwa tunapeana kwa sababu ya maneno ya kuegesha gari.

Sijui niliingiwa na nini. Nilimtia kwa gunia nikamzika nyuma ya choo, nikiwa na sare ya kazi. Saa mbili mwalimu anagonga mlango, ananiuliza kama nimemwona. Nikasema hapana. Akaniomba nimsaidie kumtafuta. Aki ya nani, nilitembea na huyo mama shamba kwa shamba siku mbili nikiita bata niliyemzika mimi. Akaweka zawadi ya shilingi 1,000 kwa atakayempata. Jioni ya pili alilia kidogo tu, akasema marehemu mumewe ndiye aliyemnunua akiwa kifaranga. Mimi nikaenda nyuma ya gari kutapika.

Kuanzia hapo nikawa mtu wake: nampeleka kliniki ya presha, namnunulia unga, ananipikia chai ya tangawizi, anarekebisha Kiswahili changu mpaka leo. Miaka miwili nabeba hilo jambo. Krismasi moja akanialika. Akaleta sahani, nyama ya bata mzinga, na ugali. Nikakodoa macho. Akaketi mbele yangu, akaniwekea mchuzi, akasema, "Kula bila wasiwasi. Huyu nimemchinja mwenyewe."

Alikuwa ameona manyoya kwenye bampa asubuhi ileile. Mbona hukusema, mwalimu? "Nilitaka nione utatafuta mpaka wapi."

Sindano ya Jioni

Mimi ni muuguzi, sina hadithi nzuri kama ya bata, ila kuna jambo kuhusu tamthilia yenyewe watu huwa hawalijui wakilalamika kwamba msimu wa tatu umepoa.

Christina Applegate anayecheza Jen aligundulika ana MS wakati wanarekodi msimu huo, mwaka 2021. Ni ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu. Mtu anachoka ajabu, miguu inakataa. Kazi ilisimama kama miezi mitano, akarudi kuimalizia, na msimu ukatoka Novemba 2022. Kuna matukio alisimama kwa kuegemea mlango, na kuna wakati fundi wa sauti alilala sakafuni, nje ya kamera, akimshikilia miguu. Linda Cardellini, yaani Judy, ndiye aliyekuwa mlinzi wake pale, akiona mwenzake kachoka, yeye ndiye anayeomba wapumzike. Kabla ya hapo, mwaka 2008, Applegate alipata saratani ya matiti akakatwa yote mawili, na Jen naye kwenye hadithi kakatwa yote mawili akikwepa saratani iliyomuua mama yake.

Sasa mkirudia msimu wa tatu mwangalieni Jen anavyokaa. Mara nyingi amekaa, au ameshika kitu. Mimi nililia kwa kile kiti.

Buyenzi Bado

Natoka Buyenzi, Bujumbura, mtaa ambao Kiswahili tunakinyonya na maziwa. Nilipokwenda Muscat kufanya kazi za ndani, nyumba ile ilikuwa na bibi mzee aliyezaliwa Unguja, aliondoka na wazazi wake baada ya Mapinduzi ya 1964. Alipoambiwa ninatoka Burundi akajua basi, huyu hajui ila Kifaransa na lugha ya kwao. Mimi nami Kiarabu sikijui, nikanyamaza.

Kila alasiri anampigia mdogo wake aliye Dubai, kwa Kiswahili kitamu cha Unguja, mada ni mimi. Nina miguu kama mchi wa kinu. Nikioga najimwagia maji kama nazima moto. Chai yangu, wallahi, ya kuoshea maiti. Miezi mitatu napangusa vumbi pembeni yake uso mkavu.

Siku moja hakunisema mimi, alikuwa anamsimulia mdogo wake habari za marehemu mumewe. "Miaka arobaini alinikoromea sikioni. Siku aliyokufa, Mungu amrehemu, ndiyo siku niliyolala." Nikacheka. Nilijaribu kukohoa haikusaidia, sinia ya vikombe vya kahawa ikanitoka mkononi.

Kimya. Simu bado iko sikioni. "Ala! Kumbe wasikia!"

"Nasikia, bibi."

"Tangu lini?"

"Tangu mchi wa kinu."

Alicheka mpaka meno ya bandia akayatoa akayaweka mezani. Tangu siku hiyo simu ya alasiri ikawa ya watu watatu, na aliyesemwa sasa ni mkwe wake. Nilikaa miaka minne. Chai yangu aliendelea kuitukana, lakini hakutaka kupikiwa na mtu mwingine.

Kijumbe Kakimbia

Mimi naleta upande wa pili maana naona mnapakana asali. Si kila Judy anafaa kusamehewa.

Mimi na rafiki yangu mmoja tulikutana kwenye mikopo ya kausha damu, ile ya riba ya kuumiza, wote tunakimbia yule kijana wa marejesho, tukajificha kwenye banda moja la kuku. Pale ndipo urafiki ulipoanzia, tumechuchumaa kwenye kinyesi. Baadaye akawa kijumbe, yaani mkusanya pesa, wa mchezo wetu wa kupeana kwa zamu, zamu yangu ilipofika akapotea na laki nane. Mwaka mzima. Nikasikia mama yake kafariki huko Morogoro. Nikapanda basi, moja kwa moja msibani, nimdai mbele za watu.

Nimeshuka tu, mama mmoja kanivisha khanga kiunoni, kanikabidhi steel wool na masufuria manne. Nikaosha. Daftari la rambirambi likapitishwa, watu wananitazama, nikatoa elfu kumi. Yeye aliponiona akaniangukia kifuani akalia, na mimi mjinga nikalia naye. Nimerudi Dar kwa nauli yangu mwenyewe, na kumbukeni sasa deni limekuwa laki nane na elfu kumi.

Hatujawa marafiki tena. Ila akinipigia napokea, sijui kwa nini.

Mama Mwambani

Assalaam aleikum. Sijaiona hiyo tamthilia, binti yangu ndiye aliyenisomea uzi huu akasema, mama, yako waishinda yote. Haya.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori, Tanga kwenda bara. Alipofariki, watu wamejaa, maiti haijatoka, akaingia mwanamke mweusi mzuri, mjamzito, kajifunga baibui, akakaa karibu nami akalia kwa jina ambalo mimi ndiye nililidhani nalijua peke yangu. Jina la chumbani. Nikageuka. Akageuka. Hakuna aliyehitaji kuuliza.

Alikuwa na cheti cha ndoa, kila kitu halali. Chumba chake huko Korogwe kilikuwa cha kupanga na kodi imekwisha. Mashekhe wakakaa, wakasema kwa dharura ile na akalie eda kwa mwenzake. Miezi minne na siku kumi, mimi na yeye nyumba moja, chumba kimoja, maana vyumba vingine vimejaa mawifi waliokuja kutulinda tusigombane.

Wiki mbili za kwanza hatukusemezana. Tulipeana mgongo kitandani. Yeye analia, mimi nahesabu boriti. Ukimsikia mtu analia mume wako huwezi kumpiga, na huwezi kumbembeleza.

Siku moja nimefungua sanduku natafuta shuka, nikatoa kanga yangu. Ile aliniletea mume wangu, kipande kimoja, akasema cha pili kimeibiwa kwenye lori. Nyekundu, korosho nyeupe pembeni. Yule mwanamke akainuka pale kitandani, tumbo mbele, akaenda kwenye mfuko wake wa plastiki, akatoa kipande kama kile. Naye aliambiwa dukani waliuza kimojakimoja. Tukavitandaza sakafuni, pindo kwa pindo, vikakaa sawasawa, hata pale mkasi wa muuzaji ulipopindia ulikutana. Jina lake: "Wawili wakipendana adui hana nafasi."

Aliyeanza kucheka ni yeye. Mimi nilishika mdomo kwa mto. Tunacheka tukiwa edani, mawifi wakaja mbio wakidhani tunauana. Tukawaambia tunalia.

Alizaa siku ya tisini na sita, kwa hiyo eda yake ikaisha kabla ya yangu, maana ya mjamzito huisha akishajifungua. Angeweza kuondoka. Akasema atanisubiri. Mtoto yule leo yuko darasa la sita, analala kwangu kuliko kwa mama yake.

DadaWaKeko

Mama, shikamoo. Nimesoma nikiwa kwenye daladala, kondakta kaniuliza kama nimefiwa. Na ile doti iko kwa nani sasa?

Mama Mwambani

Marahaba mwanangu. Marehemu kwenye sheria katuachia thumni moja, yaani sehemu moja ya nane, tugawane wawili, na mali yenyewe ilikuwa baiskeli ya watoto, redio na hiyo doti. Kanga zote mbili ziko kwangu. Yeye kachukua redio.